KIDONGE CHA SAFARI NA GONGO HAVIPATANI

Ndugu msomaji, safari ya basi kutoka Tabora kwenda Kigoma ni ndefu. Basi linapita Urambo. Linapita Kaliua. Linavuka mto Malagarasi na kufika Uvinza. Kisha linaingia Kigoma. Wengi wetu tunaijua safari hii, na wengi wetu tumetapika ndani yake.

Mimi nilisafiri njia hiyo masoko ya tumbaku yalipokwisha. Basi lilikuwa limejaa vibarua wanaorudi kwao na fedha zao za msimu. Kiti cha mbele yangu alikaa kijana wa miaka 20 hivi pamoja na mjomba wake. Kijana huyo alikuwa ametoka kwenye mashamba ya tumbaku upande wa Sikonge. Alikuwa amevaa shati jipya. Alikuwa na furaha, lakini alikuwa na hofu moja.

"Mjomba, mimi basi hunitapisha," alisema. "Nitaaibika mbele ya watu."

"Nunua kidonge," mjomba wake akajibu.

Pale stendi kulikuwa na mchuuzi mwenye kikapu. Ndani ya kikapu kulikuwa na pipi, betri, karanga na vidonge. Kijana alinunua vidonge viwili vya safari. Havikuwa na pakiti. Vilikatwa kwa mkasi kutoka kwenye karatasi yake. Alivimeza vyote viwili kwa pamoja. Ndani ya mfuko alikuwa na chupa ndogo ya maji ya kunywa. Lakini ndani ya chupa hiyo hamkuwa na maji. Mlikuwa na gongo. Tena, kabla ya kupanda basi, alikuwa amevuta bangi na wenzake. Haya mawili mjomba wake hakuyajua mpaka baadaye.

Tulipopita Urambo kijana alikuwa amelala. Kondakta alipokuja kukagua tiketi alicheka. "Huyu amelala kama gogo!" Mjomba akasema, "Mwache, amechoka. Kazi ya tumbaku si mchezo."

Hakuna mtu aliyeshtuka. Nani atashtuka kumwona mtu amelala ndani ya basi? Mimi nilikuwa nyuma yake kabisa. Nilisikia anakoroma kwa sauti nzito, halafu ananyamaza, halafu anakoroma tena. Nilidhani ni usingizi mzuri.

Upande wa pili alikaa mama mmoja, muuguzi, anakwenda likizo. Yeye aliisikiliza sauti ile kwa namna nyingine. Aliinuka.

"Shikamoo baba. Huyu kijana wako amekunywa nini?"

"Marahaba mwanangu. Amekunywa kidonge cha safari tu."

Muuguzi alimwita kijana. Hakuitika. Alimtikisa bega. Hakuamka. Alimfinya kwa nguvu. Kijana aliguna kidogo tu. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Muuguzi akasema kwa sauti kubwa, "Dereva, kimbiza gari! Na ninyi nisaidieni tumlaze kwa ubavu."

Tulimlaza kwenye njia kati ya viti. Alipogeuzwa tu, matapishi yalimtoka mdomoni. Yalikuwa yamejaa kinywani, na yalinuka gongo. Hapo ndipo sote tulipojua.

Kijana alishushwa Kaliua akapelekwa kutibiwa. Alikaa siku mbili. Alipona. Lakini muuguzi alituambia neno ambalo sijalisahau. Alisema: "Angebaki ameketi vile vile, au angelala chali, matapishi yale yangeingia kwenye mapafu. Mngefika Uvinza na maiti."

KWA NINI SAFARI HUTAPISHA?

Ndani kabisa ya sikio kuna mifereji midogo yenye majimaji. Mifereji hiyo haisikii sauti. Kazi yake ni kuuambia ubongo kama mwili unakwenda, unasimama au unageuka. Macho nayo hupeleka habari zake kwenye ubongo.

Mtu akitembea kwa miguu, sikio na macho husema jambo moja. Lakini ukikaa ndani ya basi, macho yanatazama kiti cha mbele. Yanasema, "Tumetulia." Sikio nalo linasikia mashimo na kona. Linasema, "Tunakwenda mbio!" Ubongo unapata habari mbili zinazopingana. Ndipo kichefuchefu huanza.

Kwa hiyo wazee wetu hawakuwa na shida hii katika safari zao. Wapagazi wa Kinyamwezi walitembea kwa miguu kutoka Tabora mpaka pwani, na kutoka Tabora mpaka Ujiji, na mizigo mizito mabegani. Wazungu Richard Burton na John Speke walipofika Kazeh, hapo hapo Tabora, mwezi wa Novemba mwaka 1857, walikuwa wametembea zaidi ya miezi minne kutoka pwani. Njia hiyo ilikuwa na homa, njaa na vita. Kichefuchefu cha gari hakikuwapo. Labda mtu alikipata alipopanda jahazi kuvuka kwenda Unguja. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914. Mabasi yakafuata. Na vidonge navyo vikafuata mabasi.

Lakini pombe na bangi zilikuwapo tangu siku za misafara. Burton aliandika juu ya mambo hayo katika kitabu chake. Mpagazi aliweza kunywa pombe kambini jioni, akalala, na asubuhi akaamka na kichwa kizito. Hakuwa na kidonge cha kuchanganya na pombe hiyo. Mchanganyiko huo ni wa siku zetu sisi.

VIDONGE HIVI NI NINI?

Vidonge vingi vya safari ni ndugu wa dawa za kuwasha na mafua. Hilo linawashangaza wengi, lakini ni kweli. Mwaka 1947, katika mji wa Baltimore huko Marekani, madaktari walimpa mama mmoja mjamzito dawa mpya ya vipele vya kuwasha. Mama huyo alizoea kuugua kila alipopanda gari la reli la mjini. Alipokunywa dawa ile aliona ajabu: alipanda gari na hakuugua. Mwaka uliofuata madaktari wakaijaribu dawa hiyo kwa askari waliokuwa wakivuka bahari kwa meli kwenda Ujerumani. Ikawasaidia. Ndivyo moja ya dawa za safari ilivyopatikana.

Dawa mojawapo inayotumika sana kwetu ni promethazini. Kwenye pakiti imeandikwa PROMETHAZINE. Ndugu msomaji, wewe sasa unajua kusoma. Zitazame herufi hizo vizuri. Ukiziona kwenye pakiti, ujue kwamba dawa hiyo huzuia kutapika, lakini pia huleta usingizi. Usingizi huo unaweza kukaa mwilini saa nyingi, hata nusu siku. Mtu aliyemeza kidonge alfajiri Tabora anaweza kuwa bado na dawa mwilini jioni.

Piriton, ile ya mafua na kuwasha, ni ya ukoo huo huo. Nayo hulaza. Kwa hiyo mtu akimeza Piriton kwa sababu ya mafua, halafu akameza kidonge cha safari, amekunywa dawa za usingizi mbili.

Dawa hizi si mbaya. Zikitumika kama mganga alivyosema, zinasaidia. Mtu mzima humeza kidonge kimoja, nusu saa au saa moja kabla ya gari kuondoka. Tena hukimeza kwa maji.

POMBE IKIKUTANA NA KIDONGE

Pombe hupunguza kazi ya ubongo. Ndiyo maana mlevi huyumba na kusahau. Kidonge cha safari nacho hupunguza kazi ya ubongo. Vikikutana, kimoja hukipa nguvu kingine. Usingizi unakuwa mzito kupita kiasi. Ubongo ndio unaoamrisha pumzi, na sasa ubongo wenyewe umelala. Pumzi inakuwa ndogo na ya polepole.

Kuna hatari ya pili, na hii wengi hawaijui. Mtu akinywa pombe kupita kiasi, mwili hujitetea kwa kutapika. Unaitoa sumu. Lakini aliyemeza kidonge ameufunga mlango huo. Anakunywa, hasikii kichefuchefu, anaendelea kunywa. Anadhani leo kichwa chake ni kigumu. Baadaye, akiwa hajitambui, tumbo linashinda na matapishi yanapanda. Mtu mwenye akili zake angekohoa. Huyu hana nguvu ya kukohoa. Matapishi yanashuka kwenye njia ya hewa.

Gongo ni mbaya zaidi kuliko pombe nyingine, kwa sababu hakuna ajuaye ukali wake. Chupa ya leo si sawa na chupa ya jana. Kutengeneza gongo bila kibali kumekatazwa na sheria ya mwaka 1966, lakini tunajua kwamba bado inapikwa porini. Viroba navyo vilipigwa marufuku mwezi wa Machi mwaka 2017. Wako watu hapa Tabora wanaosema, "Mimi sinywi gongo, nakunywa wanzuki tu. Ni asali." Kweli, asali yetu ni nzuri na inasifiwa nchi nzima. Lakini asali ikishachachuka ni pombe. Kidonge hakijui kama pombe ilitoka kwenye mzinga au kwenye mtambo.

BANGI, MIRUNGI NA MENGINEYO

Vijana wengine husema bangi yenyewe ni dawa ya kichefuchefu. Neno hili lina ukweli kidogo, nami sitaficha. Katika nchi nyingine madaktari hutoa dawa iliyotengenezwa kutokana na kitu kilichomo ndani ya bangi kwa baadhi ya wagonjwa wa saratani, ili kupunguza kutapika. Wao huipima dawa hiyo. Bangi ya mtaani hakuna anayeipima. Tena, mwaka 2004 madaktari wa Australia waliandika habari za watu waliovuta bangi kwa miaka mingi wakapata ugonjwa wa kutapika bila kukoma. Wagonjwa hao walipata nafuu kidogo kwa kuoga maji ya moto, tena na tena, mchana na usiku. Walipoacha bangi, ugonjwa uliondoka.

Bangi ikichanganywa na kidonge cha safari huleta kizunguzungu, usingizi na moyo kwenda mbio. Mtu akisimama ghafla anaweza kuanguka. Ikiongezwa gongo, kama alivyofanya yule kijana, hali ni ile tuliyoiona.

Mirungi ni kinyume chake. Mirungi huamsha, kidonge hulaza. Watu hudhani vitu hivi viwili hufutana. Havifutani. Moyo unavutwa huku na huku, na akili haiko sawa. Dereva wa lori au wa bodaboda anayetafuna mirungi ili asilale, kisha akameza kidonge cha kulaza, anajidhani yu macho. Mikono na macho yake vimechelewa.

Hatari kubwa kuliko zote ni kuchanganya vidonge hivi na heroini, dawa za usingizi kama Valium, au dawa ya maji ya kikohozi yenye kodeini. Vyote hivi hupunguza pumzi. Mwaka 2007 mwanamuziki wa Marekani Chad Butler, aliyejulikana kwa jina la Pimp C, alikutwa amekufa katika chumba cha hoteli. Madaktari wa serikali walisema kifo chake kilitokana na promethazini na kodeini, pamoja na mambo mengine. Alikuwa pia na ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini. Promethazini hiyo ni ile ile ya vidonge vya safari. Huko kwao vijana huichanganya na soda na kuinywa kama starehe, na nyimbo zinaisifu. Nyimbo hizo zimefika mpaka kwenye simu za vijana wetu.

MMEA ULIO JALALANI

Sasa nitaje jambo lililo karibu na nyumba zetu. Uko mmea unaoota jalalani na pembeni ya mazizi. Una majani mapana yenye meno. Ua lake ni jeupe, refu, kama tarumbeta. Tunda lake lina miiba. Wengine huuita mnanaha. Ndani yake mna haiosini, dawa ambayo madaktari huitumia kuzuia kichefuchefu cha safari. Hospitalini hupimwa kwa kiasi kidogo mno. Ndani ya mbegu za mnanaha haikupimwa na mtu.

Wako vijana wanaotafuna mbegu hizo ili walewe. Mdomo unakauka. Mboni za macho zinapanuka. Ngozi inakuwa ya moto na kavu, kwa sababu jasho limezuiwa. Mkojo unakataa kutoka. Mtu anaweweseka na kuzungumza na watu wasiokuwapo. Akiwa pia amemeza kidonge cha safari, mambo hayo huzidi, kwa sababu promethazini nayo hukausha mdomo na kuzuia jasho. Juani shambani, au ndani ya basi lenye joto, mwili usiotoka jasho hupata moto kama sufuria.

Mwaka 2019 huko Karamoja, nchini Uganda, watu zaidi ya 290 waliugua baada ya kula unga wa uji wa msaada, na watano wakafa. Wapimaji walikuta unga umeingiwa na sumu ya mmea wa aina hii. Wale hawakutafuta ulevi. Walikula uji tu. Pima mwenyewe nguvu ya mbegu hizo.

WATOTO WACHANGA

Akina mama, hapa nawaomba mnisikilize. Wako wazazi wanaompa mtoto mchanga kidonge cha safari, au dawa ya maji ya ukoo huo, ili alale asiwasumbue abiria. Mtoto wa chini ya miaka miwili asipewe promethazini kabisa. Pumzi yake inaweza kusimama. Mwaka 2004 serikali ya Marekani iliamuru onyo hilo liandikwe kwa herufi nzito. Mtoto akilia ndani ya basi, na alie. Abiria watavumilia.

UKIMKUTA MTU AMELALA VIBAYA

Mwite jina lake. Mtikise. Akiamka na kujibu vizuri, mwache apumzike, lakini mtazame mara kwa mara. Asipoamka, usimwache "alale pombe itoke." Mlaze kwa ubavu, goti la juu likunjwe mbele ili asigeuke. Uso utazame chini kidogo. Toa matapishi mdomoni kwa kitambaa. Usimpe maziwa, wala maji ya chumvi, wala kahawa. Mtu asiyejitambua hawezi kumeza, atapaliwa. Usimmwagie maji ya baridi.

Msikilize pumzi. Mpelekeni hospitali au kituo cha afya mara moja, na mchukue pakiti ya vidonge, au hata kipande chake. Kisha semeni kweli. Hapa ndipo ndugu wengi hukosea. Wanaogopa kutaja bangi au gongo mbele ya mganga, wanasema "amekula chakula kibaya." Mganga anatibu kitu kingine, na saa zinapita. Yule mjomba wa Sikonge alitaka kuficha. Muuguzi alimwambia, "Baba, mimi si polisi. Niambie." Akatoa chupa kwenye mfuko wa kijana. Chupa ile ndiyo iliyowasaidia waganga wa Kaliua.

Na kama hutaki kutapika njiani, jaribu haya kwanza. Omba kiti cha mbele. Tazama mbali, kwenye miti na vilima, usitazame simu wala gazeti, hata kama ni gazeti hili. Fungua dirisha. Kula kidogo kabla ya safari, usile mafuta mengi wala usipande na njaa. Tafuna tangawizi kidogo. Ukihitaji kidonge, kinunue kwenye duka la dawa lenye kibali, siyo kwenye kikapu. Mwambie muuzaji dawa nyingine unazokunywa. Mama mjamzito aulize kwanza zahanati. Na siku ya kidonge, pombe ikae.

Mwaka uliofuata nilikutana na yule mjomba tena, stendi ya Tabora. Niliuliza habari za kijana. Alisema alirudi Sikonge kwenye tumbaku kama kawaida, na safari hii alipanda basi bila kidonge na bila chupa. Alikaa kiti cha mbele, na mfuko wa nailoni mkononi.

"Hakutapika?" niliuliza.

"Alitapika," mjomba alisema, akicheka. "Mara mbili, kabla hatujafika Kaliua. Akafuta mdomo, akaomba karanga."